Fundi wa Lifti Hapatikani kwa Sasa

Walimwita Ghorofa kwa sababu alikuwa mfupi. Jina alilipata siku yake ya kwanza kazini, alipoambiwa afungue kifuniko cha juu cha lifti akashindwa kukigusa hata kwa ncha ya kidole, na fundi mkubwa aliyekuwa akimfundisha akacheka mpaka akakaa chini. Fundi mkubwa amekwisha kufa. Sasa Ghorofa ndiye fundi mkubwa, mwaka wa ishirini na sita katika kazi ile ile, lakini jina limemganda. Hata mkewe akimtafuta kwa majirani huuliza kama Ghorofa hajapita hapo.

Hakuwa mtu wa maneno. Kazi ya lifti ilimfaa, maana nusu ya siku fundi yuko peke yake juu ya paa kwenye chumba cha mota, na nusu nyingine yuko chini shimoni, na kote huko hakuna anayekuuliza umeamkaje. Alitunza lifti kumi na moja katika majengo saba, yote chini ya meneja mmoja. Majengo yalikuwa ya zamani na lifti zilikuwa za zamani zaidi. Kengele za hatari zilizokuja nazo kutoka kiwandani zilikwisha kufa moja moja, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Kwa hiyo Ghorofa alitafuta njia yake. Alichukua rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akaandika ndani ya kila lifti, juu ya vitufe: UKIKWAMA PIGA, na chini yake namba yake ya simu.

Ni miaka kumi na saba sasa. Simu amebadilisha mara nne, laini hajabadilisha. Kuna wapangaji wasiojua anakoishi, wasiojua kwamba ana mke, lakini namba yake wanaitaja bila kufikiri kama wanavyotaja siku za wiki. Ikilia, huacha alichoshika. Siku moja alitoka kwenye mazishi ya ndugu wa mkewe, mzungumzaji akiwa katikati ya sentensi, akaenda kumtoa mtu na mbuzi wake. Ukweni walimnunia mwaka mzima. Hakujitetea.

Mwanzoni mwa mwezi ule walikuja mafundi watatu wa minara. Walitaka kutumia lifti ya jengo refu kuliko yote, lile ambalo juu yake kulikuwa na mnara wa kampuni ya simu. Kampuni hiyo, ile ndogo, ilikuwa imeungana na ile kubwa. Ghorofa alikwisha kulisikia hilo kwenye redio, mabwana wawili wakipongezana na kusema kwamba mteja ni mfalme. Mafundi walimweleza kwamba kampuni moja haina haja ya minara miwili inayotazamana kama majirani wagomvi, kwa hiyo huu wa kampuni ndogo unashushwa. Ghorofa akawasaidia. Alitoa kioo cha ndani kisivunjwe na vyuma, akafunga magunia ukutani, akaendesha lifti mwenyewe juu na chini mara tisa. Walicheka, walimpa soda, wakamwita mzee wa kazi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: na wewe, mzee wa kazi, laini yako ni ya kampuni ipi?

Ilikuwa ya ile ndogo.

Wiki mbili zilipita, minara mingine ya kampuni ndogo karibu na pale ikizimwa mmoja mmoja. Siku ya Jumanne alikuwa shimoni katika jengo la tano, anakwangua grisi iliyokauka kwenye reli. Simu ilikuwa mfukoni, kimya tangu asubuhi. Alifurahi. Alidhani ni siku njema, hakuna aliyekwama.

Saa kumi na mbili kasoro robo aliona miguu ya mtu ukingoni mwa shimo. Alikuwa mlinzi wa jengo la pili, shati limemganda mgongoni, amekimbia jengo hadi jengo akimtafuta. Mlinzi alisema kwa pumzi fupi kwamba Mwalimu amekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne tangu saa nane na nusu.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu wa ghorofa ya sita, mwenye goti bovu, mjane, mtu wa kunyoosha maneno na kufuta meza mara mbili. Ghorofa alimheshimu kuliko mpangaji mwingine yeyote. Alikimbia. Alipanda ngazi zote mpaka chumba cha mota, akalegeza breki, akalizungusha gurudumu kwa mkono mpaka lifti ikakaa sawa na sakafu ya ghorofa ya tatu, kisha akashuka tena kufungua mlango.

Mwalimu alikuwa amekaa chini juu ya mkoba wake, mgongo ukutani. Mtandio alikuwa ameuvua na kuufunga kiunoni. Sakafu ilikuwa na maji katika kona moja, na hakuna aliyeyataja.

"Pole, Mwalimu. Shikamoo," Ghorofa alisema.

Mwalimu hakuitikia. Katika miaka yote ile hajawahi kuacha kuitikia. Alisimama kwa kushika ukuta, akautazama mlango badala ya kumtazama yeye.

"Nimekupigia mara kumi na moja," alisema.

Kisha akatoka, akashika ngazi kwa goti lile, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Ghorofa alitaka kumbebea mkoba. Alinyoosha mkono na mkono ukabaki hewani.

Kesho yake aliitwa ofisini. Meneja alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, mwanamke wa miwani anayezungumza huku macho yakiwa kwenye kompyuta. Hakumwambia akae. Alisema kwamba yeye mwenyewe alipiga mara nne na kila mara akaambiwa hapatikani kwa sasa. Mlinzi alipiga kwa simu aliyoazima, hapatikani. Mwalimu ndiyo hivyo tena. Akauliza kama alikuwa amezima simu.

"Sikuzima," Ghorofa alisema.

"Basi mimi mwongo, mlinzi mwongo, na Mwalimu naye mwongo. Mkweli ni wewe."

Ghorofa alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyahisi yamejipanga kooni kama watu mlangoni, lakini hakuna lililokubali kutangulia. Meneja aliendelea. Kuna kampuni ya lifti yenye namba yake, watu wake wanakaa kwenye simu mchana na usiku. Ijumaa saa sita mchana watakuja kubandika stika zao, na fundi mpaka rangi atafuta zile herufi nyekundu katika lifti zote kumi na moja. Ghorofa anaweza kubaki kama msafishaji wa mashimo, akitaka.

"Mimi nataka kitu kimoja," meneja alisema. "Mtu akikwama, akipiga, simu iite. Hilo umelishindwa."

Alitoka pale. Hasira ya mtu mpole ni mbaya, maana haina mlango wa kutokea, inazunguka ndani inagonga kuta. Njiani ndipo majibu yalipokuja, mazuri, makali, moja baada ya jingine, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la kampuni ya simu mjini. Bango lilikuwa jipya, rangi za kampuni mbili zimechanganywa kama nguo zilizofuliwa pamoja kwa bahati mbaya. Alichukua karatasi ya foleni, akakaa saa moja na nusu. Alipofika kaunta, kijana mwenye tai aliishika simu yake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi.

"Mzee wangu, mbona mtandao umejaa?"

Na kweli ulikuwa umejaa, pale mjini ambako minara ya kampuni ndogo haijazimwa. Ghorofa alijaribu kumweleza kwamba akiwa hapa mjini unajaa, akifika kazini unakufa, nyumbani unakufa. Kijana alibonyeza hapa na pale bila kutazama sana, akamrudishia.

"Simu yako imechoka tu, mzee. Hii hata ukiiacha barabarani, mwizi ataiweka pembeni isikanyagwe."

Watu kwenye foleni walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka foleni inapokuwa ndefu. Lakini ndipo mlango ule wa ndani ulipovunjika. Ghorofa aliupiga ubao wa kaunta kwa kiganja, na kalamu ya kijana ikaruka.

"Mwanamke mtu mzima amekaa saa tatu na zaidi kwenye sanduku la chuma kwa ajili yenu," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyojua kwamba anayo. "Goti halikunjiki. Amejikojolea. Mwalimu aliyefundisha watu wenye vyeo, amejikojolea. Nyinyi mlipoungana mlipeana mikono. Mnara mliushusha kwa lifti yangu, kwa mikono yangu hii. Kuniambia chochote mkashindwa. Unaniambia simu imechoka. Niliyechoka ni mimi."

Mlinzi wa mlangoni alisogea hatua mbili, akasimama, kana kwamba naye alitaka kusikia jibu. Kijana wa tai aliokota kalamu yake na kusema kwa sauti ndogo kwamba malalamiko yanapokelewa kwa namba ya huduma.

Ghorofa alitoka akapiga namba ya huduma huku akitembea kwenda nyumbani. Alibonyeza moja kwa Kiswahili. Alibonyeza tatu, akabonyeza tano. Akapigiwa muziki. Sauti ya mwanamke ilimshukuru kwa subira yake kila baada ya dakika moja, naye akaikunjia uso kila iliposhukuru. Alipokata kona ya kuingia mtaani kwao, muziki ulikatika. Aliitazama simu. Juu, palipokuwa na vijiti vinne, palikuwa na alama ya kukatwa.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda suruali ya sare. Alimsikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho bila kutoa mguu kwenye kanyagio, na Ghorofa alieleza vibaya, akianzia kwa meneja, akirudi kwa Mwalimu, akiruka dukani. Alipofika mahali pa mnara, cherehani ikasimama.

"Baba watoto," mkewe alisema. "Si nilikusomea ule ujumbe?"

Akainuka, akaenda kuchukua simu yake juu ya kabati. Laini yake ilikuwa ya kampuni ile ile, ila yeye simu haikuwa ikimhangaisha, kwa kuwa wateja wake wa cherehani huja mlangoni na kuita hodi. Alitafuta kidogo kisha akamwekea mbele. Ujumbe ulikuwa wa wiki tatu nyuma. Mteja mpendwa, kwa sababu ya kuungana kwetu, minara ya zamani inazimwa. Tafadhali washa romingi kwenye simu yako ili utumie mtandao wetu mpana bila gharama ya ziada mpaka utakapobadilishiwa laini.

Ghorofa aliusoma mara mbili. Alikumbuka. Alikuwa ananyoa ndevu, povu shavuni, na mkewe amesimama mlangoni na simu akimsomea. Yeye akamjibu bila kugeuka: "Usiguse. Hiyo ndiyo inayokula salio." Ujumbe kama huo lazima ulikuja na kwake. Lakini yeye kila asubuhi hufuta jumbe za kampuni bila kuzisoma, zote kwa mpigo, za bahati nasibu, za nyimbo, za mikopo.

Na romingi, ile ya simu kudandia mnara wa mtandao mwingine, alikuwa na kisa nayo. Miaka mingi iliyopita alikwenda kutazama mgonjwa karibu na mpaka, na simu ikadaka mnara wa nchi ya pili bila kumwambia. Kufika mchana salio lote limelambwa, na hakuwa amepiga hata kwa mtu mmoja. Tangu hapo alikula kiapo. Aliizima romingi kwenye simu yake, na kwa kuongeza akaingia kwenye kuchagua mtandao, akaondoa ile ya simu kujichagulia yenyewe, akaifungia jina la kampuni yake tu, kama mtu anayefunga mbwa kamba. Kisha akazunguka majengo yote saba, yeye asiyependa kusema na watu, akawazimia walinzi wote, wenye laini za kampuni ile ile, romingi kwenye simu zao mmoja baada ya mwingine na kuwahubiria kwamba ni mwizi. Ilikuwa hotuba pekee aliyowahi kuitoa maishani mwake. Ndiyo maana mlinzi wa jengo la pili aliazima simu. Ndiyo maana alilazimika kukimbia.

"Ulitakiwa kunilazimisha," alimwambia mkewe.

"Usinifokee mimi. Kawafokee wenye minara."

"Nimeshawafokea."

Mkewe alimtazama. "Wewe? Umefoka?"

"Dukani. Mbele ya watu."

"Na mimi nimekaa hapa napinda suruali," mkewe alisema, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mambo mazuri yote hunipita."

Ghorofa hakucheka. Hasira ilikuwa imebadilisha uso sasa. Ilikuwa rahisi zaidi ilipokuwa ya meneja na ya kijana wa tai. Hii iliyobaki ilikuwa na sura yake mwenyewe. Lakini nayo haikuwafuta wale wengine. Ujumbe mmoja tu, umechomekwa katikati ya bahati nasibu na nyimbo, ndio waliomtumia mtu ambaye namba yake imeandikwa kwenye kuta kumi na moja.

Alikaa kitandani akafungua mipangilio ya simu. Akaingia kwenye mtandao wa simu. Kitufe cha romingi kilikuwa kimelala kushoto, cha kijivu, kama alivyokilaza mwenyewe. Akakisukuma kulia, kikawa cha buluu. Akaingia kwenye kuchagua mtandao, akairudishia simu ruhusa ya kujichagulia. Akaizima, akahesabu mpaka ishirini, akaiwasha.

Hakukuwa na kitu. Halafu kijiti kimoja. Halafu vinne vyote kwa pamoja, na juu yake jina la kampuni kubwa.

Kisha simu ikaanza kutetemeka mkononi. Taarifa zilizokwama kwenye mtandao wa kampuni kubwa zilikuja zikifuatana, za watu waliompigia alipokuwa hapatikani. Namba ya Mwalimu ilikuja ya kwanza. Saa nane na dakika arobaini na moja. Nane na arobaini na tatu. Nane na arobaini na nne. Hapo alikuwa bado hana wasiwasi, au ndiyo ameanza. Tisa na tano. Tisa na sita. Kisha kimya cha nusu saa, na Ghorofa aliielewa ile nusu saa, alijua mtu anafanya nini ndani ya lifti katika nusu saa kama ile: anaita, anagonga, anaona aibu kugonga, ananyamaza. Ya mwisho ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Zilikuwa kumi na moja. Alizihesabu akitafuta kosa na hakulipata.

Alhamisi alizunguka majengo yote saba akiwasha alichozima. Kwa kila mlinzi ilibidi aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea. Yule wa jengo la pili alimpa simu.

"Kwa hiyo aliyenikimbiza jua lote lile ni wewe mwenyewe," alisema. "Umenipunguza kitambi, Ghorofa. Mke wangu anakusalimu."

Alipanda pia mpaka ghorofa ya sita, kwa ngazi, akabisha hodi kwa Mwalimu. Alisikia kiti kikisogezwa ndani. Mlango haukufunguliwa. Alisema kupitia kwenye mbao kwamba simu zake kumi na moja zimefika, zimefika jana, na kwamba kosa lilikuwa la kampuni na lake. Alishuka.

Ijumaa saa tano na nusu yule mpaka rangi alikwisha kufika katika jengo la pili, ana kitambaa na chupa ya dawa ya kufutia, na sanduku la stika limewekwa juu ya kiti cha mlinzi. Meneja alikuwepo na faili kwapani. Ghorofa alimwonyesha simu, vijiti, taarifa zile kumi na moja na zile nne za meneja mwenyewe. Alimweleza mnara, romingi, yote, na safari hii maneno yalitoka kwa mpangilio.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hadithi ni nzuri, lakini mtu hakwami ndani ya hadithi. Akamwashiria yule mpaka rangi aanze.

"Ingia wewe," Ghorofa alisema.

"Nini?"

"Ingia kwenye lifti. Nitaikwamisha. Piga. Isipoita, nitaifuta namba kwa ulimi wangu, huyu ndugu apumzike."

Mpaka rangi aliishusha chupa. Mlinzi alikuta kuna kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Meneja aliwatazama wote watatu, akaona kwamba akikataa itasemwa, akaingia na faili lake, akabonyeza ghorofa ya sita.

Ghorofa alishika ngazi kwenda chumba cha mota, mlinzi akauzuia mlango usijifunge. Meneja alilazimika kumsubiri mpaka alipoita kutoka juu kwamba amefika. Mlinzi aliita kutoka chini kwamba lifti inaondoka. Ghorofa aliitazama kamba ikitembea kwenye gurudumu, akahesabu alama za chokaa zilizopita, na kati ya ya tatu na ya nne akashusha swichi. Mota ikafa. Kukawa kimya.

Simu iliita.

Iliita safi, kwa nguvu, kwenye chumba kile cha zege. Jina la meneja lilikuwa kwenye kioo. Kidole cha Ghorofa kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, kama kilivyokuwa kila mara kwa miaka kumi na saba, na kikabaki pale pale. Iliita mara ya tatu, ya nne, ya sita. Aliambiwa kwamba alizima simu akamwacha mtu. Hakuwahi. Sasa alitaka kujua ikoje, na alitaka meneja naye ajue. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

Baada ya muda mfupi ikaita tena, na safari hii aliipokea.

"Ghorofa?" Sauti ya meneja ilikuwa ndogo, haikuwa na kompyuta ndani yake. "Ghorofa, uko wapi? Nimepiga mara ya kwanza hukupokea."

"Imeita?"

Alisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi, ukimya wa ndani ya lifti, ule anaoujua.

"Imeita," meneja alisema.

"Namba inabaki?"

"Inabaki. Nishushe."

Ghorofa alikata simu, akaweka mkono kwenye swichi. Kila aliyekwama katika miaka ishirini na sita, yeye Ghorofa alimwambia pole kabla ya neno jingine lolote, mlevi, mwizi, hata yule wa mbuzi. Huyu wa leo hakumwambia. Akapandisha swichi, mota ikaunguruma, akabaki pale juu akiitazama kamba ikitembea.